Barua ya wazi kwa IEBC na wenzenu: kabla ya Agosti 2027 tuonyesheni nani analipa

Kwa Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, Bwana Erastus Ethekon na makamishna wako, kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa NCIC (tume ya uwiano na utangamano), kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa Kamishna wa Data, na kwa nyinyi wa Meta, TikTok na X ambao mwananchi wa kawaida hajui hata abishe mlango upi.

Waheshimiwa, salamu nyingi kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni mpiga kura tu, kadi ninayo, na pia ni admini wa grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu, watu mia mbili na ushee, kazi ambayo haina mshahara na msimu wa siasa ukifika unagombana hadi na shemeji yako. Nimeona niwaandikie mapema manake kura ni tarehe 10 Agosti 2027 na nyinyi, mtanisamehe, mna tabia ya kuamka wiki tatu kabla, mnaita waandishi wa habari hotelini, mnatoa onyo kali kwa wanaoeneza chuki mitandaoni, picha zinapigwa, chai inanywewa, watu wanaenda zao. Sasa hilo onyo huwa linamlenga nani? Linamlenga kijana mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Aliyemlipa huyo kijana sijawahi kusikia ameonywa na mtu.

Hilo ndo neno langu, na nitalirudia mpaka mchoke: acheni kufukuzana na watoto, fuateni pesa.

Ngoja niwaeleze vile hashtegi inatengenezwa, labda wengine wenu mnadhani inajiotea tu. Kuna kijana hapa mtaani, jina lake nalihifadhi, alimaliza kozi kitambo, kazi hakuna, hii ndo kibarua chake. Yuko kwenye grupu ambayo admini wake hajawahi kumuona uso. Asubuhi inaingia kazi ya siku, yaani hashtegi yenyewe, picha kadhaa za kutumia, na orodha ndefu ya sentensi zilizoandikwa tayari, wewe chukua ya kwanza hadi ya kumi, wewe kumi na moja hadi ishirini, halafu maagizo, msikopi vile ilivyo, geuzeni maneno kidogo X isiwashtukie, tagini vituo vya tivi, na mtu asianze kabla ya saa tatu kamili. Saa tatu ikigonga wote wanaingia kwa pamoja. Kabla ya chai ya saa nne ishatrendi, na hapo ndo ujanja wote ulipo, manake ikishakaa pale juu kwenye trendi watangazaji wa redio na wachambuzi wa tivi wanaanza kutuambia "Wakenya mitandaoni wameghadhabishwa". Wakenya gani bana? Ni kikundi cha vijana na akaunti zao tano tano! Jioni anapiga skrinshoti za posti zake anazituma kama ushahidi wa kazi, M-Pesa inaingia kutoka nambari asiyoijua. Jumatatu anamsifu mheshimiwa, Alhamisi anamtukana mheshimiwa huyo huyo. Nilimuuliza siku moja, kwani wewe mwenyewe utampigia nani, akacheka sana, akaniambia hata hajajiandikisha.

Na msidhani hii ni porojo ya barazani. Mwaka wa 2021 Mozilla ilitoa utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo, wakati ule wa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, wakaongea na watu wanaofanya kibarua hiki hiki, malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 hivi kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku, kazi inagawanywa kwa WhatsApp vile vile nilivyowaeleza, na waliokuwa wanatupiwa matope ni majaji na wanaharakati. Dola 10! Hiyo ni hela ya unga, mafuta ya kupikia na bando. Jaji anashushiwa heshima nchi nzima kwa bei ya unga, na anayetoa hiyo hela anaenda kanisani Jumapili anahubiri amani, anapigiwa makofi.

Sasa muangalie nyinyi mmefanya nini tangu wakati huo. Polisi wanawashika hawa wa chini. Wa juu hawaguswi, na sababu moja hawaguswi ni kwamba hakuna karatasi popote inayoonyesha nani alilipa nini. Mgombea akibandika mabango barabara nzima kutoka Nyali mpaka Bamburi angalau tunayaona na tunaweza kukisia, huyu ana pesa na sijui amezitoa wapi. Akikodisha helikopta tunaiona. Lakini akinunua trendi ya siku nzima, akalipa wachekeshaji wawili na mtu wa TikTok mwenye wafuasi laki tano wamtaje "kwa bahati tu" kwenye video ya kupika chapati, hiyo inahesabiwa wapi? Haihesabiwi popote.

Na sheria ipo, hilo ndo la kuudhi zaidi. Sheria ya ufadhili wa kampeni za uchaguzi ilipitishwa 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipokaribia bunge ikaiweka kando. 2021 tume ikaleta kanuni na viwango vya matumizi, bunge ikazikataa tena. Tumepiga kura 2017, tukapiga 2022, sheria iko kabatini. Wanaotakiwa kuzipitisha hizo kanuni ni wale wale ambao pesa zao ndo zinatakiwa kuonekana, kesi ya nyani hakimu ngedere. Kwa hivyo Mwenyekiti Ethekon, najua utasema mikono yako imefungwa, bunge hili na bunge lile, lakini kanuni za mienendo ya vyama mnaziandika nyinyi, wagombea wanazisaini kabla ya kuidhinishwa, si muongeze kifungu kimoja tu kwamba kila mgombea atoe orodha ya akaunti, kampuni na watu anaowalipa kumfanyia kampeni mtandaoni, kila mwezi, na orodha iwekwe hadharani kila mtu aione. Atakayedanganya tutamshika, manake nawahakikishia hawa vijana wakikosa kulipwa wanasema kila kitu. Kila msimu huwa kuna inflensa analia laivu ati alifanya kazi hajalipwa, anataja hadi jina la aliyemtuma. Ushahidi unajileta wenyewe, ni nyinyi tu hamuuokoti.

Mnakumbuka ya Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni? Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilimrekodi kwa siri bosi mmoja wao, Mark Turnbull, akijitapa kwamba Kenya walibadilisha sura ya chama kizima mara mbili, wakaandika manifesto, wakafanya utafiti wa maoni, kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Jubilee, chama cha Uhuru, wakakubali tu kwamba waliajiri SCL, kampuni iliyohusiana nao, kwa kazi ya kupamba chama. Na mwaka huo wa 2017 ndo ilisambaa ile video ya kutisha, ati Kenya ya 2020 Raila akiwa rais, magaidi, njaa, vita, muziki wa filamu ya mauaji, na ukitafuta habari za uchaguzi kwa Google tangazo lake linakuja mbele. Haikuwa na jina la aliyelipia. Baadaye Privacy International wakafuatilia wakasema nyuma yake iko kampuni ya matangazo ya Texas, Harris Media. Texas! Sisi huku tulikuwa tunatukanana kwenye komenti, Mkenya kwa Mkenya, watu wakaacha kuamkuana mitaani, na video imetengenezwa na mtu ambaye Kisauni hawezi kuionyesha kwenye ramani. Na ni nchi ambayo miaka kumi tu nyuma yake zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa 2007, wakati ambapo chuki ilisambazwa kwa SMS na redio, hata hizi simu za kugusa hatukuwa nazo. NCIC nyinyi mlizaliwa 2008 kwa sababu ya hiyo. Sasa nauliza, kuna mtu yeyote aliwahi kulipa faini kwa ile video ya 2017? Mimi sijasikia.

Kamishna wa Data, zamu yako. Sheria ya kulinda data tunayo tangu Novemba 2019, sheria nzuri, nimeisoma. Juni 2021 watu wakaingia eCitizen wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, jina, nambari ya kitambulisho, kila kitu, malalamiko yakamiminika kwenu. Nani aliuza yale majina? Mimi mwenyewe 2022 nilipata SMS ya mgombea mmoja, simtaji, ananiita kwa majina yangu yote matatu na wadi yangu anaijua. Nambari yangu sikumpa. Tunaandika majina na nambari kila mlango wa jengo la mji, kwa yule askari mwenye daftari, tunaandika M-Pesa, tunaandika kwa fundi wa simu, na kila msimu wa kura daftari zote hizo ni kama zinapata miguu. Ningependa mwaka huu, kabla kampeni hazijashika moto, ofisi yako iite vyama vyote viseme nambari za simu wanazotumia kutuma ujumbe wamezitoa wapi. Kwa maandishi. Chama kitakachoshindwa kujibu, faini, na jina litangazwe. Faini za shule na maduka ya mikopo ya simu tumeziona mkizitoa, hongera, sasa sogeeni kwa wakubwa.

Nyinyi wa Meta na TikTok na X msijifiche nyuma ya hawa wengine, na nyinyi nawageukia.

Julai 2022, wiki chache tu kabla ya kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwapima Meta, wenye Facebook. Waliandaa matangazo ya chuki ya wazi kabisa, maneno yaliyowahi kutumika hapa Kenya, ya kulinganisha makabila na wanyama, ya kuhimiza kukata watu vichwa na kubaka wanawake, wakayapeleka Facebook yalipiwe kama matangazo. Ya Kiswahili yakapita. Ya Kiingereza yakakataliwa mara ya kwanza, na mjue sababu, sarufi na lugha ya matusi! Wakarekebisha makosa ya uandishi, yakapita. Yaani unaruhusiwa kuitisha damu ya jirani yako mradi tahajia iko sawa. (Wale waliopeleka waliyatoa kabla hayajachapishwa, hilo lieleweke.) Halafu NCIC wakaja na makali wakaipa Facebook siku saba, mawaziri wakatoka upande wa pili wakasema hakuna mtu anafunga Facebook, siku saba zikapita, ikaisha hivyo, tukaenda kupiga kura.

Na wale waliokuwa wakikaa kusoma na kutazama uchafu wa Facebook wa Afrika Mashariki walikuwa hapa hapa Nairobi, kwenye ofisi za Sama, kampuni iliyopewa kazi hiyo na Meta. Mmoja wao, Daniel Motaung, akawashtaki Sama na Meta 2022, mwaka uliofuata Sama ikaachana na hiyo kazi, wafanyakazi wengine zaidi ya mia wakaenda kortini, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Sawa, kesi iendelee. Swali langu ni dogo tu, wanaoangalia posti za Kiswahili sasa hivi ni akina nani, wangapi, wamekaa wapi? Na Kikuyu, Dholuo, Kikalenjin, Kisomali, Kigiriama? Manake mtu wa huku akitaka kumtukana mtu vizuri hatumii Kiingereza. Anatumia mafumbo, anatupa neno moja la "wageni" au "watu wa bara" na kila mtu wa pwani ashaelewa nani anaambiwa ahame, na kompyuta yenu California inaona ni salamu tu. Hiyo hakuna mashine itaikamata, inataka binadamu aliyekulia hapa, analipwa mshahara wa maana na anapata wa kuongea naye akiumia kichwa. Tupeni idadi yao, kwa kila lugha, kabla ya Januari 2027.

TikTok mnasema hamuuzi matangazo ya siasa. Kweli, hamuuzi. Lakini Juni 2022 Madung huyo huyo alikusanya video zaidi ya 130 kutoka akaunti 33, za chuki na za uongo kuhusu uchaguzi wetu, zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Nyingine zilitumia picha za ghasia za 2007 kututisha. Kwa hivyo kutouza matangazo ni jibu la swali ambalo sijauliza. Mimi nauliza kuhusu yule anayelipwa pembeni kwa M-Pesa halafu anaweka video kama maoni yake tu, na nyinyi algoridhimu yenu inaibeba mpaka kwa mtoto wa kidato cha tatu. Hapo wekeni sheria kwamba aliyelipwa aseme amelipwa, kama anavyosema akitangaza sabuni.

Sasa nirudi kwa IEBC na niseme ukweli hata kama unaniharibia ukali wa barua. Ile portali ya matokeo ya 2022 ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote mlivyowahi kutufanyia. Fomu 34A, zile za matokeo ya rais, kutoka vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa wazi, mtu yeyote mwenye bando anafungua anaona kituo chake, akiwa na kaptura na sandali, anajumlisha mwenyewe. Hapa mtaani vijana waliketi kwenye kibaraza cha duka na daftari la shule wakijumlisha kura za rais, usiku kucha, sijawahi kuona kitu kama hicho. Na faida yake tuliiona kortini, pale mbele ya majaji lilipoonyeshwa lile jina la Jose Camargo, raia wa Venezuela, kwenye fomu, nchi ikawaka, Camargo Camargo kila mahali, na watu wa kawaida wakaingia portali wenyewe wakaitoa fomu ile ile na jina halimo. Majaji saba wakasema kwa sauti moja tarehe 5 Septemba kwamba fomu za portali na za karatasi hazikuwa na tofauti ya maana. Hakuna onyo la NCIC lingeweza kufanya kazi hiyo.

Lakini portali haikuongea, na siku zile kati ya tarehe 9 na 15 Agosti nchi nzima ilikuwa inaongea. Tivi moja inasema Ruto anaongoza, nyingine inasema Raila, kila chumba cha habari kinajumlisha fomu zake kwa mpangilio wake, halafu ghafla wakapunguza kasi, wengine wakanyamaza kabisa, na kwenye kile kimya ndo uongo ukapata nafasi ya kunyoosha miguu. Kabla ya hapo Julai mlikuwa mshagombana hadharani na DCI, wapelelezi wa polisi, juu ya wale raia wa Venezuela walioshikwa uwanja wa ndege na stika za uchaguzi, taasisi mbili za serikali zinarushiana maneno kwa Twitter, na sisi wananchi tukae wapi?

Na huku Mombasa mnajua ilivyokuwa. Tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya kura, ikatangazwa uchaguzi wa gavana umeahirishwa hapa na Kakamega sababu picha za wagombea kwenye karatasi zimechanganyika. Sawa, makosa yalitokea. Kwenye grupu yetu kilichofika kwanza ni voisi, ya mwanamume, sauti nzito ya mtu anayejua, imefowadiwa mpaka ina ule mshale mara mbili, anasema ati Mombasa kura yote imefutwa, ya rais na yote, msijisumbue asubuhi laleni. Nikauliza nani katoa hii, kimya. Mama mmoja akauliza kwa hivyo mimi nisiamke saa kumi? Nikahangaika kutafuta taarifa ya kumwekea, ninachopata ni vichwa vya habari, na picha ya barua rasmi, Kiingereza, herufi ndogo, muhuri umefunika nusu ya aya ya pili. Nikaishia kurekodi voisi yangu mwenyewe, mimi ambaye si afisa wa chochote, nikiwaambia watu wazima waamke waende. Mwishowe Mombasa ndo kaunti iliyotoa wapiga kura kidogo kuliko zote kwa asilimia. Sisemi ni kwa sababu ya ile voisi, sababu ni nyingi, watu pia wamechoka na siasa. Lakini wangapi walilala?

Kwa hivyo ombi langu kwa tume ni la gharama ndogo kuliko KIEMS moja, kile kifaa cha kutambua wapiga kura. Ajirini watu wachache wa Kiswahili wanaojua kuongea, si kusoma, waongee. Voisi ya dakika moja, video ya sekunde arubaini, ndani ya saa moja uvumi ukitokea, iingie kwenye chaneli ya WhatsApp ambayo sisi maadmini tumeshajiunga tayari. Miongozo ya Mamlaka na NCIC ya Julai 2017 ilitubebesha sisi maadmini jukumu la yanayosemwa kwenye grupu zetu, sawa tumebeba, basi tupeni na silaha ya kubebea. Siwezi kupigana na voisi tamu ya Kiswahili kwa kutumia skani ya barua.

Halafu kuna hili la kuzima, na hapa sitazungukazunguka. Telegram ilifungwa Novemba 2023 na tena Novemba 2024 wakati wa KCSE, mtihani wa watoto. Juni 2024 Mamlaka ilisema haina nia ya kuzima intaneti, kesho yake tarehe 25, vijana wakiwa barabarani juu ya mswada wa fedha, intaneti ikayumba nchi nzima. Majirani wetu tumewaona, Uganda walizima Januari 2021 na tena Januari 2026, Tanzania walizima tarehe 29 Oktoba 2025 siku yenyewe ya kura, watu huku Mombasa wana dada na kaka Tanga na Dar wakakaa siku kadhaa hawajui kama wako hai. Mahakama Kuu hapa ishatoa amri ya muda Mei 2025 dhidi ya kuzima. Mimi nataka mseme sasa hivi, mapema, mkiwa mmetulia, kwamba Agosti 2027 hamtazima na hamtapunguza kasi. Manake kinachozimwa si uongo, uongo unapita hata kwa mdomo, kinachozimwa ni mtu wa kituo cha kura anayetaka kutuma picha ya fomu.

Na mkiniambia mnachunga usalama nitawauliza usalama wa nani. Albert Ojwang alikuwa mwalimu na bloga, alichukuliwa nyumbani Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya posti ya X kumhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, kesho yake amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Kwanza tukaambiwa amejigonga kichwa ukutani, daktari akapasua akasema hapana. Wiki moja kabla yake Rose Njeri alikuwa amelala korokoroni kwa kutengeneza ukurasa wa kumsaidia mwananchi kutuma maoni bungeni kuhusu mswada wa fedha, maoni ambayo katiba yenyewe inamwomba atoe, na korti ikaitupa kesi. Desemba 2024 vijana walitoweka kwa sababu ya picha za katuni na za AI. Hawa wote walijulikana majina, mitaa, nambari za simu, walipatikana chap chap, hata kama wako mkoa mwingine usiku. Ikifika kwa yule anayelipa akaunti mia za kutusi majaji, uchunguzi unaendelea, teknolojia ni ngumu, tunashirikiana na wadau. Ile M-Pesa ya jioni ina nambari iliyotuma. Nambari ina jina. Jina lina kitambulisho. Kwani ugumu uko wapi? Amri ya korti, siku mbili, kazi imeisha.

Najua wako watakaosema ah huyu anataka kuua ajira za vijana, mtandao ndo umewainua. Sipingi kampeni za mtandaoni hata kidogo. 2013 watu walicheka "dijitali na analogi" lakini ilifanya kazi, na mgombea asiye na pesa za helikopta leo anaweza kufungua laivu usiku akasikilizwa na watu elfu tano bila kuomba ruhusa ya mkubwa yeyote. Vijana wa 2024 walifundishana mswada mzima wa fedha kwa TikTok, kwa Kiswahili na Kiluhya na Kimaasai, kitu ambacho serikali haijawahi kufanya tangu uhuru. Anayetaka kumpigia debe mtu kwa hiari yake apige mpaka sauti ikauke. Anayelipwa pia apige, ni kazi, alipwe vizuri hata. Aandike tu chini pale kwamba nimelipwa na fulani. Hapo mimi na yule mama wa saa kumi alfajiri tutajua tunasikiliza nini.

Mkijibu barua hii, nawaomba mambo mawili tu ya utaratibu. Jibuni kwa Kiswahili, na msijibu kwa picha ya barua, rekodini voisi niiweke kwenye grupu. Na mkisema mtaunda jopokazi, semeni pia litamaliza lini kazi yake, manake kura za mchujo za vyama ziko kabla ya Agosti na zile grupu za asubuhi zimeshaanza kuandikisha watu, yule kijana wetu juzi kanionyesha simu, ameongezwa kwenye mbili mpya.

Wenu,
Admini wa grupu, mpiga kura wa Kisauni